Nyuma ya Tanuri

Jumapili napanga sahani tisa.
Zamani zilikuwa kumi na moja.
Mchuzi wa nyanya nimeuinjika tangu alfajiri
kwenye jiko la gesi, maana tanuri hatuliwashi tena.
Unatokota polepole, unasema peke yake
kama bibi kizee asiyesikilizwa,
nami naukoroga, nauchungulia, naukoroga tena:
mikono ya mwenye siri haipendi kukaa bure.

Baba alikaa miezi kumi na minne nyuma ya tanuri hili.
Matofali juu ya reli ndogo, kazi ya fundi wa Palmi
aliyelipwa vizuri akahamia Australia.
Mle ndani: kitanda, redio, ndoo, sanamu ya Bikira,
na Baba Cataldo akiamuru mji mzima
kwa vijikaratasi alivyovikunja vyembamba kama njiti.
Nilivitoa nje mimi, ndani ya mkate.

Polisi walikuja saa kumi usiku.
Hawakupekua vyumba, hawakupanda darini.
Walikwenda moja kwa moja, nyundo mkononi.
Hata majivu hayakuwa yamepoa.

Saverio hakulia. Alihesabu.
Nani alijua? Yeye, Mama, mimi, Melchiorre,
na fundi aliye ng'ambo ya dunia.
Nani hakuja kula Jumapili ile?
Melchiorre, kitinda mimba,
aliyesema jino linamuuma.
Jino!

Jumamosi usiku nilimpigia Saverio shati pasi.
Alitaka lile jeusi.
Nikajua. Wanawake wa nyumba hii husoma nguo
kama wengine wanavyosoma gazeti.
Nilikuwa na usiku mzima wa kusema neno moja,
neno dogo, silabi mbili:
mimi.
Nikapiga pasi kola. Nikapiga pasi mikono.
Nikalifunga vifungo vyote, hadi cha shingoni.

Walimwita shambani akaangalie bergamoti zilizoingiwa ukungu.
Alikwenda na kisu cha kupogolea
na pakiti ya biskuti mfukoni.
Alikuwa na miaka ishirini na sita,
na jino, daktari wa maiti aliandika,
jino lilikuwa limeoza kweli.

Mla nawe hafi nawe, walisema wahenga,
ila mzaliwa nawe.
Hawakusema kwamba mzaliwa nawe
aweza pia kufa badala yako
huku wewe unakatakata mrehani.

Usiniulize nililipwa nini. Sikulipwa.
Nilimwona tu mwanangu Ilario, miaka kumi na mitano,
mbele ya kioo, akijifunza kutembea kama babu yake,
bega la kushoto chini kidogo.
Nilidhani kiti kikikosa mtu
kitarudi kuwa mbao.

Leo Saverio amekikalia.
Anamega mkate wa dukani, ananibusu kipaji cha uso,
anawaambia wote: "Nunziata. Hii ndiyo damu."
Wanagonga bilauri.
Mama hagongi.
Mama anautazama ukuta
pale saruji mpya ilipokataa kushika rangi,
kisha ananitazama mimi,
kisha anaomba chumvi.

Nampitishia Ilario jibini.
Ananyoosha mkono wa kulia, anaurudisha upesi,
lakini nimeshaona:
katikati ya kiganja, duara la ngozi changa, nyekundu,
mahali wanapoichoma picha ya mtakatifu
na mtu hatakiwi kuutikisa mkono
mpaka karatasi iwe jivu.

"Umeungua wapi?" namuuliza.

Meza nzima inatafuna.

"Kwenye tanuri," anajibu.